Kuchagua rizoti ya ski ya kwenda na familia: anza na yule mtoto mdogo kuliko wote

Watu wengi wakianza kutafuta rizoti ya ski, yaani kijiji cha milimani cha kuteleza kwenye theluji kwa mbao mbili ndefu miguuni, cha kwanza wanachoangalia ni ukubwa, kilomita ngapi za njia za kuteremkia, lifti ngapi za kupandisha watu mlimani, kilele kiko juu kiasi gani, na mimi mara ya kwanza nilifanya hivyohivyo. Tukaenda sehemu kubwa inayosifiwa kila kona, kumbe uwanja wa wanaoanza uko mbali na tulipolala, kila asubuhi ni basi, mtoto wa miaka 4 kavaa buti ngumu za plastiki hawezi hata kupanda ngazi ya basi, mama yake kabeba ski za watu watatu begani, siku ya tatu mtoto akasema hataki kuiona theluji tena. Ile milima mikubwa tuliyoilipia hatukuigusa kabisa.

Tangu hapo nachagua kwa kipimo kimoja kabla ya vingine vyote: kutoka kitandani mpaka kwa mwalimu wa ski ni mwendo gani kwa miguu ya mtoto. Sio kwa miguu yako wewe, ya mtoto. Mtu mzima anasoma kwenye tangazo "dakika 10 kutoka kwenye lifti" anaona ni karibu, lakini mtoto aliyevaa suruali nene, glavu, helmeti na buti zisizokunja kifundo cha mguu anatembea nusu ya mwendo wako, na akifika nusu ya njia anataka kukojoa, hapo unaanza kumvua nguo moja moja. Kwaiyo ukiona nyumba nzuri ya bei rahisi iko nje ya kijiji, jiulize kama utaweza kulifanya zoezi hilo asubuhi 6 mfululizo. Mimi bora nilale chumba kidogo kilicho mita 100 kutoka uwanja wa watoto kuliko nyumba kubwa inayohitaji basi.

Vijiji visivyoruhusu magari vinasaidia sana hapa. Avoriaz kule Ufaransa ni mfano mzuri, iko mita 1800 juu ya usawa wa bahari, hamna magari ndani, na kijiji cha watoto wanaojifunza ski kiko katikati kabisa ya nyumba, unatoka mlangoni unakanyaga theluji. Serfaus kule Austria nao wamezuia magari ya wageni kuzunguka kijijini, badala yake kuna treni ndogo ya chini ya ardhi, ya bure, inaanzia kwenye maegesho mwanzoni mwa kijiji inaishia kwenye lifti. Ila usije ukadhani kutokuwa na magari peke yake kunatosha, Zermatt kule Uswisi nako hamna magari ya kawaida na ni pazuri mnoo, lakini kijiji ni kirefu, lifti zimetawanyika, na uwanja wa watoto wanaoanza uko juu Sunnegga, unapanda kwa treni inayopita ndani ya mlima. Kwa familia yenye vijana wakubwa wanaojua tayari ni peponi, kwa mwenye mtoto wa miaka 3 ni kazi ya ziada kila asubuhi.

Sasa ramani. Kila rizoti ina ramani ya njia zake kwenye intaneti, ifungue uikuze, usiangalie juu kileleni, angalia chini. Tafuta uwanja wa wanaoanza, je una uzio au njia ya watu wanaokuja kasi inakatiza katikati? Una lile zulia linalotembea, yaani mkanda ambao mtoto anasimama tu unampandisha, au kuna lifti ya kamba tu ambayo inamvuta mpaka anaanguka? Choo na sehemu ya kujipasha joto viko jirani? Baada ya hapo tafuta njia rahisi iliyo ndefu kidogo ambayo mtoto ataipanda siku ya tatu au ya nne akishajua kusimama, maana akibaki kwenye uwanja uleule wiki nzima atachoka.

Kuna mtego hapa nauona unawakamata watu kila mwaka. Unakuta rizoti ina njia rahisi nyingi, kweli zipo, lakini zote ziko juu, na njia pekee ya kuteremka mpaka kijijini jioni ni ngumu, imejaa watu, imegeuka barafu. Mtu wa wiki ya kwanza anafika pale saa 10 jioni miguu imechoka anaanza kulia. Suluhisho lipo, hakikisha unaweza kurudi chini kwa gondola, yaani vile vibanda vinavyoning'inia kwenye kamba, na hakikisha inafanya kazi mpaka jioni.

Na rangi zinazoonyesha ugumu wa njia usizichukulie kuwa ni moja dunia nzima. Ufaransa kijani ndo rahisi kabisa, alafu bluu, nyekundu, nyeusi. Austria, Uswisi na Italia kwa kawaida hamna kijani, bluu ndo rahisi. Ukienda Marekani au Kanada ni duara la kijani, mraba wa bluu, kisha almasi nyeusi, kwaiyo bluu ya kule ni ya kati, sio ya mtu anayeanza. Japani wanatumia kijani, nyekundu, nyeusi. Tena rangi hizi zinapangwa na rizoti yenyewe kulinganisha na njia zake, bluu ya mlima mkali inaweza kumtisha mtu aliyeizoea bluu ya mlima mpole. Kama wote nyumbani mnaanza basi tafuta mlima mpole kwa ujumla wake. Aspen, Marekani, wana milima minne na mmoja wao, Buttermilk, unajulikana kwa upole wake kwa wanaoanza, na hapohapo ndo mashindano makubwa ya X Games, ya mabingwa wa ski na snowboard (ubao mmoja wa kutelezea), yamekuwa yakifanyika tangu 2002, kwaiyo mlima mpole haimaanishi mlima wa kudharaulika.

Shule ya ski ndo kitu nitakachokaa nacho kidogo maana hapa ndo likizo inapona au inapofia. Usimfundishe mwanao mwenyewe hata kama unajua, nimeona baba wengi wanapandisha sauti mlimani na mtoto analia, mwalimu anamwambia maneno yaleyale anasikiliza. Sehemu nyingi wanapokea kuanzia miaka 3 au 4, chini ya hapo tafuta rizoti yenye sehemu ya kulelea watoto wadogo na uweke nafasi mapema kabla hata ya hoteli, maana nafasi ni chache. Ulizia watoto wangapi kwa mwalimu mmoja, na ulizia mwalimu anaongea lugha gani, hili watu wanalisahau kabisa. Mtoto wa miaka 5 anayeambiwa "simama" kwa lugha asiyoijua hasimami, na anaogopa zaidi kwa sababu haelewi anaambiwa nini. Ulizia pia saa za mchana, kuna shule zinafundisha asubuhi tu na saa 6 unatakiwa uwe mlangoni kumchukua, kuna zingine wanamlisha mchana na kumrudisha saa 9. Kwa mtoto chini ya miaka 6 mimi nachagua nusu siku, siku nzima kwenye baridi ni nyingi mno. Na kwenye rizoti nyingi za Ulaya wiki inaanza Jumamosi na masomo Jumapili au Jumatatu, ukifika Jumanne mtoto anaingia darasa ambalo wenzake wameshatangulia.

Kama kuna kijana anayetaka snowboard badala ya ski angalia kabla hujalipa, rizoti za Deer Valley na Alta kule Utah, Marekani, haziruhusu snowboard kabisa.

Urefu wa mlima. Watu wanakimbilia juu kwa sababu ya uhakika wa theluji, na ni kweli joto linashuka kama nyuzi 6.5 kwa kila mita 1000 unazopanda, ndo maana Val Thorens kule Ufaransa, kijiji chenyewe kiko mita 2300, kina theluji hata Aprili. Lakini juu kuna gharama zake. Kuanzia kama mita 2500 watu wengine wanaanza kuumwa kichwa, kichefuchefu, usingizi haukamatiki, na mtoto mdogo hawezi kukueleza, anakuwa tu msumbufu na hali chakula. Mji wa Breckenridge, Colorado, Marekani, uko zaidi ya mita 2900, yaani unalala juu sana, kwaiyo ukienda kule lala usiku mmoja au miwili sehemu ya chini zaidi kama Denver kwanza, wape watoto maji mengi, siku ya kwanza msijitume. Akitapika na kichwa kinazidi kumuuma, mteremshe chini, usingoje kesho. Kitu kingine, vijiji vya juu sana havina miti, siku ya ukungu na theluji inayoanguka kila kitu ni cheupe, huoni ardhi iko wapi na mbingu iko wapi, mtoto anahisi kizunguzungu. Rizoti yenye misitu siku kama hiyo unaendelea kuteleza kwa raha kwa sababu miti inakupa kipimo cha macho.

Na urefu sio kila kitu. Niseko, Japani, kilele chake kinazidi mita 1300 kidogo tu lakini inapata theluji kwa wingi wa ajabu, kwa sababu upepo baridi wa Siberia unapita juu ya Bahari ya Japani unabeba unyevu unaumwaga pale. Kwa upande mwingine Whistler, Kanada, kijiji kiko kama mita 675 na bahari haiko mbali, mvua kijijini wakati juu kunaanguka theluji ni jambo la kawaida. Kwaiyo uliza theluji ya pale chini watoto watakapojifunzia, na kama kuna mashine za kutengeneza theluji kwenye uwanja huo.

Mwezi wa kwenda unahusiana na hayo yote. Krismasi na Februari bei ziko juu na foleni ndefu, Ufaransa peke yake likizo ya shule ya majira ya baridi imegawanywa kwa kanda tatu zinazofuatana kuanzia Februari mpaka mwanzoni mwa Machi, Uingereza wanaingia katikati ya Februari, Marekani kuna wikiendi ndefu ya Presidents' Day wiki ya tatu ya Februari. Januari baada ya mwaka mpya ni rahisi na hamna watu ila baridi ni kali na giza linaingia mapema. Machi ndo chaguo langu kwa watoto, siku ndefu, jua, theluji laini hawaumii wakianguka, sharti rizoti isiwe ya chini sana. Na kama likizo yenu ndefu inaangukia Juni mpaka Agosti msikate tamaa, huo ndo msimu wenyewe Chile, Argentina, New Zealand na Australia, na hata Afrika, Afriski kule Lesotho iko zaidi ya mita 3000, ni ndogo, njia yake kuu ni kama kilomita moja hivi, lakini anayeanza hahitaji zaidi ya hiyo.

Safari kutoka uwanja wa ndege nayo hesabu. Barabara za milimani zina kona nyingi, watoto wanatapika, na theluji ikianguka mwendo wa saa 2 unakuwa wa saa 4. Mimi mwisho wangu ni mwendo wa saa 2 na nusu, sehemu zenye treni mpaka kijijini nazipa alama za ziada.

Pesa. Bei ya hoteli inakudanganya kwa sababu ni sehemu tu, andika karatasi moja: usafiri, nyumba, tiketi za lifti, kukodi ski na buti na helmeti, shule, chakula cha mchana mlimani, bima. Alafu linganisha rizoti kwa jumla hiyo. Na hapa ndo pa kuokoa pesa nyingi, mtu anayeanza hana haja ya tiketi ya eneo lote, Trois Vallées, eneo kubwa la ski kule Ufaransa, ina kilomita 600 za njia, wewe siku 6 za kwanza utatumia labda 3. Rizoti nyingi zina tiketi ndogo ya wanaoanza au lifti za uwanja wa chini ni za bure kabisa, na watoto wadogo mara nyingi hawalipi, ila mpaka umri gani inategemea rizoti. Buti kodi palepale kijijini sio kwenye duka la mbali, maana kesho yake mtoto atasema zinambana na utataka kubadilisha.

Bima isome vizuri, lazima itaje ski kwa jina na ilipie kuokolewa mlimani, ikiwemo helikopta. Italia tangu 2022 bima ya kumlipa mtu utakayemuumiza ni lazima kwa sheria, na helmeti kuanzia Novemba 2025 ni ya kila mtu sio watoto tu. Mimi helmeti namvalisha kila mtu popote pale. Losheni ya jua pia usiache eti kwa sababu ni baridi, theluji mpya inarudisha mpaka asilimia 80 ya miale ya jua inayounguza ngozi, na macho ya watoto yanaumia bila miwani.

Fikiria pia ambaye hatelezi, bibi, mjamzito, au yule atakayekataa siku ya pili. Njia za kutembea kwa miguu, bwawa la kuogelea la ndani, kilima cha kuteleza na sleji, na gondola inayomruhusu mtu asiye na ski kupanda juu akale mchana na wengine. Kama hamna hivyo mtu huyo anakaa chumbani wiki nzima.

Ukishabaki na rizoti mbili au tatu waandikie shule ya ski, sio hoteli, waulize: mtoto wa umri huu anaanzia wapi hasa, ni mwendo gani kutoka nyumba fulani (wape jina la nyumba unayoitaka), na kukiwa hakuna theluji chini mnawapeleka wapi. Jibu likija wazi na haraka weka nafasi ya darasa, ndipo ulipie nyumba, na uchague ile inayokuruhusu kughairi, watoto wanaumwa homa usiku wa kuamkia safari.