Mpango wa pwani wa miaka 20: namna kijiji kinavyoweza kuuandaa

Kijiji cha pwani kisicho na mpango huamuliwa na yeyote anayekuja na pesa mkononi. Leo kinauzwa kiwanja cha ufukweni, kesho lori linachota mchanga, keshokutwa diko limezungushiwa ukuta na wavuvi hawana pa kupandishia ngalawa. Mpango wa muda mrefu unazuia hayo, ila msianze kuuandika mezani. Anzeni ufukweni, kwa vipimo.

Maji yanafika wapi, na ufukwe unaliwa kiasi gani

Subirini bamvua kubwa (maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida) la Machi au Septemba. Siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu au mwandamo, maji yakijaa kabisa, pigeni vigingi pale takataka za bahari zinapoishia. Huo ndio mstari wenu wa maji. Nyuma yake, kwenye ardhi ngumu, simikeni nguzo tatu au nne za zege. Hizi hazihamishwi tena, na vipimo vyote vitaanzia hapo.

Kupima umbo la ufukwe hakuhitaji mtaalamu wa kukodi. Tafuteni fito mbili zilizonyooka za mita 1.5, zenye alama kila sentimita kuanzia juu, kamba isiyovutika ya mita 2, na daftari. Maji yakipwa, mtu mmoja asimamishe fito kwenye nguzo ya zege, na mwenzake asimamishe ya pili mita 2 mbele kuelekea baharini. Aliye nyuma ashushe jicho kando ya fito yake mpaka ncha ya fito ya mbele ilingane na upeo, pale maji na anga vinapokutana. Asome jicho lipo sentimita ngapi chini ya ncha ya fito yake. Akisoma 14, ufukwe umeshuka sentimita 14 katika mita 2 hizo. Penye tuta la mchanga mambo yanageuka: ncha ya fito ya nyuma ndiyo inayolinganishwa na upeo, na kipimo kinasomwa kwenye fito ya mbele, kikiandikwa kwa alama ya kujumlisha. Songeni hivyo mpaka ukingo wa maji.

Vipimo huharibika kwa mambo mawili: fito kuzama mchangani, na fito kuinama. Kwa la kwanza wekeni vipande vya ubao vyenye unene sawa chini ya fito zote mbili; kwa la pili fungeni uzi wenye kijiwe ubavuni mwa kila fito.

Pimeni kila mwezi kwenye bamvua, mwaka mzima, kabla ya kutoa hukumu yoyote. Pepo za kusi na kaskazi huhamisha mchanga, na ufukwe uliochongwa mwezi wa nane unaweza kujaa tena mwezi wa kwanza. Kijiji kilichopima mara moja tu kinaweza kuogopa bure, au kujenga pabaya kikidhani ni salama. Wakati daftari linajaa, waulizeni wazee ni minazi ipi na visima vipi vilivyomezwa na bahari, na mwaka gani, kisha mpime umbali kutoka hapo hadi ukingo wa leo.

Sasa hesabu ya ujenzi. Tanzania Bara, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ufukweni. Hicho ni kima cha chini. Tuseme vipimo vyenu vinaonyesha ufukwe unarudi nyuma mita 0.8 kwa mwaka: kwa miaka 20 ni mita 16, kwa hiyo nyumba, choo na kisima vikae angalau mita 76 kutoka mstari wa leo. Kuta za mawe msizitegemee. Wimbi likigonga ukuta huchimba mchanga mbele yake, na ncha ya ukuta humwaga nguvu hiyo kwa jirani.

Mikoko: mti sahihi mahali pake

Fedha nyingi za upandaji hupotelea hapa. Watu huona tope tupu au nyasi bahari wakati wa maji kupwa, wakapanda mkoko, na baada ya miezi michache miche imekufa kwa kukaa majini muda mrefu mno. Tazameni msitu uliobaki jirani uwaonyeshe mpangilio: mlilana ukingoni mwa bahari, mkoko wenyewe (Rhizophora) nyuma yake kwenye tope laini, mkandaa ndani zaidi, na mchu mara nyingi upande wa nchi kavu. Pale mashamba ya chumvi yaliyoachwa yalipoziba mkondo, bomoeni tuta kwanza. Maji yakirudi, mbegu nyingi hujileta zenyewe.

Mkipanda mkoko, okoteni vijiti (mbegu zake ndefu) vilivyokomaa, vyenye shingo ya manjano karibu na kichwa, na mkizamishe kila kimoja theluthi moja topeni. Nafasi ya mita 1.5 inahitaji miche kama 4,400 kwa hekta. Mikoko ya Bara ni msitu wa hifadhi, hivyo kubalianeni mapema na Wakala wa Huduma za Misitu.

Msitu ukisimama unaweza pia kuleta fedha. Gazi, Kwale, nchini Kenya, mradi wa Mikoko Pamoja unauza hati za hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko ya hekta 117, na mapato yamekwenda kwenye maji na shule za kijiji.

Kitu cha kuonekana mapema

Miaka 20 ni mirefu kwa mtu anayetafuta chakula cha leo, na tusimlaumu. Ndiyo maana mpango unahitaji tunda la haraka, na pweza anafaa sana: hukua upesi na haishi muda mrefu. Andavadoaka, Madagascar, walianza kufunga miamba kwa miezi mwaka 2004, na njia hiyo imefika Pemba na kwingineko. Fungeni sehemu moja tu kwa miezi mitatu, ili kina mama wanaochokoa pweza wapate pa kwenda wakati huo. Kabla ya kufungua, kubalianeni bei na wanunuzi, pangeni saa ya kuanza, na wekeni mizani diko zima: chini ya gramu 500 arudi majini. Andikeni kilo za kila mchokoaji.

Kuupa mpango nguvu

BMU (kikundi cha wanakijiji cha kusimamia uvuvi na ufukwe) na halmashauri ya kijiji waandae sheria ndogo, mkutano mkuu uzipitishe, kisha ziende halmashauri ya wilaya zikaidhinishwe. Bila hatua hiyo ya mwisho, faini mnazotoza hupingwa kirahisi. Mistari ya maji na ya ujenzi iingie kwenye mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji, na njia za kwenda diko zichorwe kwa upana wake, angalau mita 6 ili gari la samaki lipite. Nakala moja ya daftari la vipimo ikae kwa mtendaji, nyingine BMU, na ya tatu shuleni, ambako wanafunzi wanaweza kuendelea kupima kila bamvua hata viongozi wakibadilika.