Shule zifunguliwe ama zingoje? Mambo ya kuangalia kabla kengele haijapigwa

Ugonjwa ukiingia nchini mabishano huwa ni yale yale. Huyu anasema mtoto wangu hatoki hapa, yule anasema jameni nimechoka nao warudi shule, na serikali nayo inatoa tarehe alafu inaigeuza. Sisi Kenya hiyo tunaijua vizuri. Jumapili ya tarehe 15 Machi 2020 tukaambiwa shule zinafungwa kwa sababu ya corona, wa kutwa wakae nyumbani kuanzia kesho yake na wa bweni wawe wametoka kufikia Jumatano. Julai marehemu Profesa Magoha, aliyekuwa waziri wa elimu, akatangaza mwaka wa masomo umeshapotea, tungojee Januari, alafu Oktoba 12 gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne wakaitwa, wengine wote wakarudi Januari 4, 2021. Majirani kila mmoja alishika njia yake. Tanzania kidato cha sita na vyuo walirudi Juni 1, 2020 na waliobaki Juni 29, Burundi hawakufunga, Uganda wao walifungua kidogo wakafunga tena mpaka Januari 10, 2022 ndio watoto wote wakarudi, karibu miaka miwili.

Mimi nasema tarehe tunaipigia kelele bure kama hakuna mtu ameenda kuangalia shule yenyewe iko aje. Kuna shule zilingoja miezi tisa na siku ya kufungua mfereji ulikuwa ule ule mmoja nyuma ya ofisi, choo ni kile kile, madirisha yamepigiliwa misumari vile vile. Hiyo miezi tisa ilinunua nini? Kwa hivyo kama uko kwenye bodi ya shule, ama wewe ni mwalimu, ama ni mzazi tu anayetaka kuuliza maswali mkutanoni, haya ndio ya kuangalia kabla.

Kwanza kabisa jueni huo ugonjwa unapitia wapi, maana hapa ndo pesa hupotea. Corona inasambaa kwa pumzi, kwa hivyo dirisha lililo wazi lina kazi kuliko dawa ya kupuliza kwenye ukuta. Kipindupindu kinapitia maji na choo, hapo madirisha hayakusaidii kitu, angalieni kisima na jikoni na anayepika. Ebola ni kugusana na majimaji ya mgonjwa, na ndio maana Uganda mwaka 2022 walifunga muhula wiki mbili mapema, Novemba 25, kupunguza kule kukaa pamoja kila siku na kusongamana kwa magari. Sasa 2020 watu walikuwa wanafukiza madarasa dawa mpaka ukuta unabadilika rangi na dirisha bado limefungwa kwa sababu mvua ikinyesha inaingia. Rekebisheni dirisha. Fundi wa siku moja tu na bawaba mpya.

Alafu nafasi. Hapa tusidanganyane, chukua kalamu. Darasa la mita 7 kwa 8 ni mita mraba 56. Ukitaka kila mtoto awe mita moja na nusu kutoka kwa mwenzake anahitaji kama mita mraba mbili na robo, na hapo ni watoto 24 ukijaza mpaka kona, ukitoa pa mwalimu na njia ya kupita unabaki na kama 18 hivi. Na darasa lina watoto 60! Ina maana darasa moja linakuwa manne, na madarasa manne yanataka walimu wanne, ama mwalimu mmoja arudie somo lile lile mara nne mpaka sauti imuishe. Serikali ilitoa shilingi bilioni 1.9 za madeski, na mafundi wetu wa jua kali walipata kazi, hilo sibishi, lakini deski jipya ndani ya chumba kile kile halipanui chumba. Mwishowe Magoha mwenyewe alikubali kukaa mbalimbali haitawezekana kila mahali, barakoa ndio ikawa tegemeo, na wengine wakaambiwa wasomee hata chini ya mti.

Chini ya mti mimi sioni aibu, kwa ugonjwa wa pumzi nje ni bora kuliko ndani. Shida ni jua la saa sita na mvua ya vuli, kwa hivyo kama ni mti uwe na ubao, uwe na kivuli cha asubuhi, na mjue mvua ikija watoto wanakimbilia wapi. Banda la makuti lisilo na ukuta linafanya kazi vizuri kuliko darasa la mawe na ni rahisi. Ikishindikana kabisa wekeni zamu, nusu asubuhi nusu mchana, ama nusu Jumatatu na Jumatano. Rwanda walitumia kile kipindi cha kufungwa kujenga madarasa mapya kwa maelfu ndio wakaanza kufungua kwa awamu Novemba 2020. Hiyo ndio kungoja kwenye maana.

Maji sasa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo shule nyingi hujidanganya. Mtu ananunua dumu tatu zenye mfereji anaziweka getini, picha inapigwa, imeisha. Shule ya watoto 600, kila mtoto akinawa vizuri na sabuni ni kama nusu dakika, hiyo jumla ni dakika 300. Break ni dakika 30. Gawanya mwenyewe: mnahitaji mifereji 10 inayofanya kazi kwa wakati mmoja, la sivyo watoto watasongamana pale pale mnaponawia, yani msongamano mmeuleta nyinyi. Mkigawa break mara mbili itatosha mitano. Alafu hesabuni maji yenyewe, hata mkikisia lita mbili tu kwa kila mtoto kwa siku ni lita 1,200, na hapo hamjapika wala kuosha choo. Nani anayaleta Jumatano wakati bomba limekauka? Kama jibu ni "watoto watabeba kutoka nyumbani", basi hamko tayari. Na sabuni, ya kipande huibiwa ama hudondoka mchangani siku ya kwanza, bora ya maji kwenye chupa iliyotobolewa kifuniko na kufungwa kamba, na mtoto mkubwa wa zamu anasimama hapo.

Kuhusu kile kibunduki cha kupimia joto, nacho mnajua wenyewe. Mtoto ametembea kilomita tatu kwa jua la Kilifi, kichwa kinawaka, kile kitu kinapiga 38, askari wa geti anamrudisha nyumbani. Huyo hana homa, ni jua. Awekwe kivulini dakika kumi hivi apimwe tena. Na kinyume chake, mwenye virusi lakini hana homa anapita na 36.4 yake vizuri tu. Kwa hivyo kitumieni, lakini msikitegemee hivyo. Cha maana zaidi ni mzazi kujua kwamba mtoto akikohoa ama akiharisha anabaki nyumbani na hataandikwa mtoro, kwa sababu zile shule zinazotoa zawadi ya kutokosa hata siku moja zinawafundisha watoto kuja wakiwa wagonjwa.

Barakoa kila mtoto awe nazo angalau mbili za kitambaa, moja inafuliwa moja imevaliwa, na jina liandikwe, maana watoto hubadilishana, huyu anapenda ya mwenzake iko na rangi ya timu ya Gor Mahia. Watoto wa miaka mitano kushuka chini hata WHO haikusema walazimishwe. Na kama shuleni kuna mtoto haskii vizuri anasoma midomo ya mwalimu, barakoa imemfungia mlango, huyo apangiwe kitu kingine mapema, si mpaka aanze kufeli.

Chumba cha kumtenga mgonjwa kiwepo, na kisiwe stoo ya mahindi. Kiwe na dirisha, kitanda, maji na mtu mzima mmoja anayejulikana ndiye hukaa hapo. Namba za simu za wazazi zipigwe ZOTE kabla ya kufungua, kwa sababu ukikaa miezi kadhaa nusu ya zile namba hazipatikani, watu wamehama, wamerudi ushago, laini imezimwa. Na pesa ya bodaboda ama ya gari mpaka hospitali iwe imewekwa kando, taslimu, kwa mtu anayeweza kuitoa saa nane usiku.

Shule za bweni ni habari nyingine. Kanuni ya usalama ya wizara ya mwaka 2008 inataka mita 1.2 kati ya kitanda na kitanda, na hiyo iliandikwa zamani, kabla ya corona. Sasa ingia bweni lolote la kawaida uone kama mguu wako utapita. Ile asilimia mia moja, yani kila anayemaliza shule ya msingi aende kidato cha kwanza, ilipoanza 2018 wanafunzi waliongezeka na mabweni yakabaki vile. Kabla ya kufungua pimeni kwa utepe, na kama haitoshi wengine wasome kutwa, walale kichwa kwa miguu, na madirisha ya bweni yafunguke. Kuna shule pia ziligeuzwa vituo vya karantini 2020, hizo magodoro na vyoo vishughulikiwe kabla mtoto hajalala hapo.

Alafu walimu, na hili naona tunalisahau kila mara, tunahesabu watoto tu. Nani amebaki? Walimu walioajiriwa na bodi na wa shule za binafsi walikaa miezi bila mshahara, wengi wakaingia kwa mboga, bodaboda, ukulima, na wengine hawakurudi tena. Kule Mwea kuna shule ya binafsi madarasa yake yaligeuzwa mabanda ya kuku, ubaoni bado kulikuwa na hesabu na kuku wako chini. Shule kama hiyo huwezi kuiambia fungua Jumatatu. Mwalimu mzee mwenye sukari ama presha naye ajulikane mapema, apewe kazi isiyomweka kwenye chumba cha watu 60. Na mzigo wa kuvisha watoto barakoa, kupima joto, kuandika daftari la wagonjwa, usiwe wake wote juu ya vipindi.

Watoto ambao hawatarudi watafutwe KABLA. Ukingoja wiki ya pili uite majina, wengine utakuwa umewakosa. Chukua rejista ya mwisho, kaa na mzee wa mtaa, wa nyumba kumi na mhudumu wa afya wa nyanjani, pitieni jina kwa jina. Wavulana waangalieni kwenye machimbo ya mawe na steji za bodaboda, huko ameshika pesa na karo haimhusu tena. Wasichana wengine wana mimba ama wameshaolewa. Sierra Leone baada ya Ebola shule zilifunguliwa Aprili 2015 na wenye mimba wakakatazwa kuingia, katazo likakaa mpaka Machi 2020. Sisi muongozo wetu unaruhusu arudi, lakini muongozo ni karatasi, mwenye kumwambia mama yake kwamba binti anakaribishwa ni mwalimu mkuu, na aende mwenyewe. Na mambo ya karo ya muhula uliokatika yamalizwe kwenye mkutano mapema, mtoto asirudishwe getini siku ya kwanza baada ya mwaka, hapo umempoteza.

Nani aanze? Denmark walifungua Aprili 15, 2020 wakaanza na wadogo, vikundi vidogo, kwa hesabu ya kwamba wadogo hawaugui sana na wazazi wanataka kurudi kazini. Sisi na Uganda tulianza na watahiniwa kwa sababu ya mtihani. Binafsi naona mtihani ulitubana sana, lakini wakubwa nao wanavaa barakoa vizuri na wanaelewa. Chagueni ila mseme sababu waziwazi. Na tusisahau 2020 baa zilifunguliwa mwisho wa Septemba na shule zikafuata Oktoba, sasa kama maambukizi mtaani yanapanda ni kipi kipunguzwe kwanza?

Masomo yenyewe, wiki za kwanza ziwe za kujua nani anajua nini, kwa sababu aliyekuwa na redio na TV na aliyekuwa anachunga mbuzi hawako mahali pamoja. Ile kukimbizana tuliyoifanya, mihula kubanwa, likizo za siku chache mpaka kalenda ikakaa sawa Januari 2023, watoto walichoka. Mwisho wa 2021 mabweni yakawa yanachomwa hapa na pale, Novemba ikabidi waachwe waende nyumbani siku kadhaa. Yani ukipanga kufungua panga na kupumzika.

La mwisho, kabla hamjafungua andikeni mtafungaje. Wagonjwa wangapi kwa darasa ndio darasa hilo liende nyumbani, madarasa mangapi ndio shule nzima, nani anaamua, na nani peke yake anatuma ujumbe kwa wazazi, maana mkiacha WhatsApp iamue saa tano mtakuwa na wazazi mia mbili getini. Na siku hiyo ikifika vitabu viende na watoto. Machi 2020 wengi walitoka na sanduku na ndoo, vitabu vikabaki vimefungiwa stoo na funguo iko kwa mtu aliyesafiri.