Robotron: 2084: usigande katikati

Wengi wanaoanza Robotron: 2084, ule mchezo wa video wa kampuni ya Williams wa mwaka 1982 wa kupiga maroboti na kuokoa watu, hufa mapema kwa kosa moja: wanaganda pale katikati walipowekwa na kufyatua huku na huku. Wimbi, yaani kundi jipya la maroboti, likianza tu, chagua upande mmoja, mwaga risasi upande huo hadi njia ifunguke, penya, kisha geuka. Sasa maroboti yako nyuma yako kundi moja. Kijiti cha mkono wa kushoto ni cha kukimbia, cha kulia ni cha kupiga ulikotoka. (Kwenye kompyuta tafuta pedi yenye vijiti viwili, kibodi ni mateso matupu.)

Kabla ya yote, wahi vile viduara vyekundu vinavyodundadunda pembeni. Ukivichelewesha vinazaa maroboti yanayorusha risasi, na hapo shughuli huwa nzito. Majitu ya kijani achana nayo, hayafi; risasi huyasukuma nyuma tu, ingawa hilo lenyewe hukupa nafasi ya kupita.

Pointi ziko kwa watu. Wa kwanza kumwokoa ni 1,000, wa pili 2,000, hadi 5,000, na kila anayefuata ni 5,000 tena. Ukifa, au wimbi jipya likianza, hesabu inarudi 1,000. Kwa mpangilio wa kawaida kila pointi 25,000 ni uhai mmoja, kwa hiyo wimbi la 5, lililojaa akina mama wa kuokoa, ni mahali pa kuvuna. Ila fanya haraka: maroboti yenye bichwa kubwa yakiwafikia kabla yako, akina mama hao hao watageuzwa maadui na kukukimbiza wewe.