Namna ya Kutuma Maombi ya Kazi kwa Barua Pepe

Kazi yangu ni kupokea na kuchambua maombi ya kazi, na huwa naumia ninapoona mwombaji mwenye sifa anaachwa kwa sababu tu barua yake ilikuwa vurugu.

Hatua ya 1: Andaa mafaili. Tuma PDF, maana faili la Word likifunguliwa kwenye simu, majedwali huvurugika. Lipe jina lako: "Jina-Ukoo-Wasifu.pdf". Nikipakua "CV mpya 2", silioni tena miongoni mwa mengine. Vyeti viunganishe viwe faili moja, na upunguze ukubwa wake. Gmail haitumi viambatisho vinavyozidi MB 25.

Hatua ya 2: Kichwa cha barua. "Maombi ya Kazi: Mhasibu Msaidizi, Kumb. Na. 14 – Jina Lako". Basi.

Hatua ya 3: Barua yenyewe. Wengi huacha patupu, wakatuma viambatisho tu. Ni sawa na kuingia ofisini bila hodi, ukaweka bahasha mezani na kuondoka. Mistari michache inatosha:

"Ndugu Meneja Rasilimali Watu,
Naomba nafasi ya mhasibu msaidizi mliyoitangaza tarehe 3 Machi. Kwa miaka minne nimeandaa mishahara na kulinganisha vitabu vya fedha na taarifa za benki. Nimeambatisha barua ya maombi, wasifu na vyeti.
Wako mwaminifu,"

Kisha jina kamili na namba ya simu. Itazame sentensi ya pili: inataja kazi mbili ninazoweza kukuuliza kwenye usaili. "Mchapakazi, mbunifu" kila mtu anaandika. Shida za nyumbani nazo usiziweke. Najua dhiki humsukuma mtu kueleza yote, na barua hizo huniuma, lakini siwezi kuzitolea alama.

Hatua ya 4: Wadhamini. Waombe ruhusa kabla ya kuandika namba zao. Niliwahi kumpigia mdhamini, akaniuliza, "Nani huyo?" Sikuwa na la kumjibu.

Hatua ya 5: Anwani ya mpokeaji iandike mwisho kabisa. Hapo barua haiwezi kuponyoka kabla hujaimaliza. Soma kwa sauti, fungua kila kiambatisho, hakiki jina la kampuni. Barua zenye jina la mwajiri mwingine tunazipata kila mara. Kila mwajiri apate barua yake peke yake. Kwenye mipangilio ya Gmail, weka muda wa kutengua utumaji uwe sekunde 30.

Hatua ya 6: Fuatilia. Subiri kama wiki moja baada ya tarehe ya mwisho, kisha jibu juu ya barua ileile, sentensi mbili tu. Usimtafute mtu kwenye namba yake binafsi usiku.

Ukiitwa kwenye usaili, jibu siku hiyohiyo ukirudia ulichoambiwa: "Nimepokea, nashukuru. Nitafika Jumanne tarehe 12, saa 3 asubuhi." Mwombaji mmoja alipoandika hivyo, ndipo tulipogundua kwamba sisi wenyewe tulikuwa tumekosea tarehe.