Kuweka namba za kurasa kwenye tasnifu kwa Microsoft Word: kava tupu, mwanzoni kirumi, Sura ya Kwanza ianze na 1

Namba za kurasa kwenye barua ya kurasa tatu hakuna anayeshindwa, unaenda Insert, Page Number, Bottom of Page, unachagua ile ya katikati, umemaliza. Kazi inakuja kwenye ripoti ya fildi, risechi au tasnifu, pale mwongozo wa chuo unaposema kava isiwe na namba, zile kurasa za mwanzo yaani uthibitisho, ikirari, shukrani, tabaruku, ikisiri na yaliyomo ziwe na kirumi ndogo i, ii, iii, halafu Sura ya Kwanza ianze upya na 1 mpaka mwisho wa viambatisho. Hapo ndo unakuta mtu kaigawa kazi yake mafaili matatu, kava peke yake, kirumi peke yake, sura peke yake, ili tu namba zikae. Kuprinti zitaprintika, ila ukija kutengeneza yaliyomo Word haizioni sura zilizoko faili jingine, basi unaanza kuandika kurasa kwa mkono na nukta zake, na supavaiza akirudisha masahihisho kila kitu kinahama unaanza upya.

Faili moja linatosha. Word haijui kava ni nini wala sura ni nini, yenyewe inajua seksheni tu, yaani kipande cha faili chenye mpangilio wake. Aina ya namba na inaanzia ngapi, vyote vinakaa kwenye seksheni. Faili lako hata liwe la kurasa 120, kama hujalikata hiyo ni seksheni moja, ndo maana ukifuta namba kwenye kava zinafutika zote. Kwa hiyo mpangilio ni huu na usiugeuze: unakata, unaachanisha, ndo unaweka namba. Karibu wote wanaohangaika wameanza na la tatu.

Maelezo haya ni ya Word ya kwenye kompyuta kuanzia 2007 na kuendelea. Kwenye 2007, 2010 na 2013 palipoandikwa Layout utaona Page Layout, ni hapohapo. Ya kwenye simu kwa kazi hii achana nayo, tafuta laptopu.

Kukata

Nenda Home, bonyeza kile kialama cha ¶ ili uone vitu vilivyojificha. Bila hicho unafanya kazi gizani. Sasa angalia mwisho wa kava, kama kuna enta kumi na tano ulizopiga kusukuma maandishi yaende ukurasa wa pili, zifute. Kama kuna maandishi Page Break, yaani ulibonyeza Ctrl na Enter, nayo futa, maana hiyo inahamisha ukurasa tu haikati seksheni, na bila ile ¶ kwa macho zinafanana kabisa ndo maana zinawachanganya watu.

Weka kasa, kile kimstari kinachowaka na kuzima, mbele ya herufi ya kwanza kabisa ya UTHIBITISHO au chochote kinachofuata baada ya kava, nenda Layout, Breaks, shuka chini kwenye kundi la Section Breaks uchague Next Page. Sio Continuous, na sio Odd Page, hiyo inaweza kukuachia ukurasa mtupu katikati ya kazi. Halafu shuka mpaka SURA YA KWANZA ufanye vilevile. Sasa una seksheni tatu. Ukitaka uhakika, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi kwenye ule mstari wa chini kabisa wa dirisha la Word, weka tiki kwenye Section, utakuwa unaona uko seksheni ya ngapi kila unapoweka kasa.

Kuachanisha

Hapa ndo penye kesi zote. Bonyeza mara mbili chini ya ukurasa wa kwanza wa seksheni ya 2, patafunguka Footer, yaani sehemu ya chini ya ukurasa, kushoto imeandikwa Section 2 na kulia imeandikwa Same as Previous. Maana yake ni kwamba seksheni yako na ya juu yake ni wapangaji wanaotumia luku moja, atakachofanya huyu na mwenzie kinampata. Kule juu kuna kitufe Link to Previous kinawaka, kibonyeze kizime, na yale maandishi ya kulia yatatoweka. Halafu nenda seksheni ya 3 ukizime na huko, maana kuzima ya 2 kunaiachanisha na ya 1 tu, ya 3 bado imeshikana na ya 2.

Halafu juu (Header) na chini (Footer) kila kimoja kina Link to Previous yake. Kama chuo chenu kinataka namba ikae juu kulia, basi zima ya Header, ukizima ya chini utashangaa mbona hakuna kilichobadilika.

Kuweka namba

Ukiwa bado ndani ya Footer ya seksheni ya 2, Page Number, Format Page Numbers. Kwenye Number format chagua i, ii, iii, chini weka Start at iwe i, OK. Utaona hakuna namba iliyotokea, usianze kurudiarudia, hapo umeiambia tu namba iweje, hujaiweka. Rudi Page Number, Bottom of Page, Plain Number 2, ndo itatokea. Nenda seksheni ya 3 ufanye yaleyale ila safari hii 1, 2, 3 na Start at 1. Kava hujaigusa kwa hiyo inabaki tupu.

Kuna vyuo kava inahesabika ila haiandikwi, ina maana ukurasa unaofuata uonyeshe ii. Rahisi tu, kwenye seksheni ya 2 badala ya Start at i unapandisha iwe ii. Soma mwongozo wa chuo chako, usifuate tasnifu ya mtu wa mwaka juzi, inawezekana naye alipitishwa kwa huruma.

Ikikataa

Ukurasa wa kwanza wa kila seksheni hauna namba lakini inayofuata zipo? Hapo kuna tiki kwenye Different First Page, itoe. Mara nyingi inatokana na kutumia kava za tayari za Word zile za Insert, Cover Page, inaweka tiki yenyewe halafu ukikata seksheni nazo zinairithi.

Sura ya Pili imeanza tena na 1? Ulikata seksheni kati ya sura na sura. Si vibaya, ingia Format Page Numbers ya seksheni hiyo uchague Continue from previous section.

Namba ni 1 kila ukurasa? Hiyo umeichapa kwa kibodi. Ifute, namba lazima itoke kwenye Page Number.

Umefuta mkato wa seksheni kwa bahati mbaya na kirumi zote zimegeuka 1, 2, 3? Ndivyo Word ilivyo, ukifuta mkato, maandishi ya juu yanachukua mpangilio wa seksheni ya chini, sio kinyume chake kama mtu ungetegemea. Ctrl na Z haraka kabla hujaendelea kuandika.

Ukurasa wa kulala nao, lile jedwali pana la data au ratiba ya kazi ambalo halienei wima. Unakata Next Page kabla ya jedwali na nyingine baada ya jedwali, unaweka kasa katikati, Layout, Orientation, Landscape. Ukikata kabla tu bila ya baada, kazi yote iliyobaki inalala. Seksheni hizo mpya zote mbili ziwe na Continue from previous section, na hapa Link to Previous unaiacha inawaka maana unataka namba zilezile ziendelee. Ikishabaindiwa, namba ya ukurasa huo itaonekana pembeni badala ya chini, mimi naiacha hivyohivyo, kuihamisha kunahitaji kisanduku cha maandishi kilichozungushwa na mara nyingi hakuna anayekuuliza.

Yaliyomo mwisho kabisa

Kama vichwa vya sura na vya kurasa za mwanzo umeviweka Heading 1 na vidogo Heading 2, unaenda References, Table of Contents, kazi imeisha, na yenyewe itaandika shukrani iko iii na Sura ya Kwanza iko 1 bila kuambiwa. Ila haijisasishi. Kila ukiongeza aya bonyeza kitufe cha kulia juu ya yaliyomo, Update Field, halafu Update entire table kama umegusa vichwa, au namba tu kama hujavigusa.

Wa LibreOffice, kwenu hakuna seksheni za namna hii, kuna mitindo ya kurasa. Unatengeneza mtindo wa kava, wa kirumi na wa sura, kisha kwenye Manual Break unachagua mtindo unaofuata na kuweka tiki ya kubadilisha namba ianzie 1. Angalizo moja, LibreOffice inataka namba witiri ikae kulia, kwa hiyo kirumi zikiishia kwenye witiri inaweza kukuchomekea ukurasa mtupu kabla ya Sura ya Kwanza. Kwenye mipangilio ya kuprinti ya Writer kuna tiki ya hizo kurasa tupu, iondoe.

Ukienda steshenari peleka PDF, sio faili la Word. Kompyuta yao ikikosa fonti yako mistari inahama, ukurasa mmoja unamwagikia wa pili, na yaliyomo yanabaki na namba za zamani. Na ukitaka kurudia ukurasa mmoja tu baada ya masahihisho, jihadhari, kwenye PDF ukurasa ulioandikwa 5 unaweza kuwa wa 16 kwa hesabu ya faili, muonyeshe kabisa anayeprinti. Ukiprinti mwenyewe kutoka Word usiandike 5 peke yake kwenye kisanduku cha Pages, maana faili lina v ya kirumi na 5 ya sura, andika p5s3, yaani ukurasa wa 5 wa seksheni ya 3, na kuanzia wa 5 hadi wa 9 inakuwa p5s3-p9s3.