Namna ya kumpima mbunge mkongwe kwa kura zake kabla ya kumsikiliza jukwaani

Uchaguzi mkuu ujao wa Kenya, kwa mujibu wa Katiba, unaangukia tarehe 10 Agosti 2027, na hapa Lamu, sawa na Malindi, wanasiasa waliokaa Bungeni vipindi viwili, vitatu au zaidi watarudi kuomba kura wakiwa na faida kubwa kuliko wageni. Majina yao yanajulikana, wamehudhuria mazishi na maulidi yetu, na karibu kila mtaa una mtu aliyewahi kusaidiwa nao. Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kujua jambo jingine, yaani huyu mheshimiwa alifanya nini ndani ya ukumbi wa Bunge mjini Nairobi, mahali ambapo sisi hatupo wakati kura zinapopigwa. Nina ushauri mmoja ambao yote yaliyobaki yanautegemea: anza na kumbukumbu za Bunge, uziandike kwenye daftari pamoja na tarehe zake, ndipo uende kusikiliza hotuba. Anayeanza na hotuba hujikuta akitafuta ushahidi wa kuiunga mkono au kuipinga, na mambo ambayo mheshimiwa hakuyataja kabisa humpita bila yeye kujua.

Vyeo na mamlaka yake

Andika vyeo vyote alivyowahi kushika kwa mpangilio wa miaka, na kando ya kila cheo uandike kilimpa uwezo gani. Kazi hii inaonekana nyepesi, lakini ndiyo inayozuia lawama na sifa zisizomhusu mtu. Ruweida Obo, kwa mfano, alichaguliwa mwakilishi wa wanawake wa Kaunti ya Lamu mwaka 2017, kisha mwaka 2022 akachaguliwa mbunge wa Lamu Mashariki. Kwa hiyo amekuwa katika Bunge la Kitaifa vipindi vyote viwili, ila eneo analoliwakilisha limebadilika. Aisha Jumwa alikuwa mwakilishi wa wanawake wa Kilifi kuanzia 2013, akawa mbunge wa Malindi mwaka 2017, akagombea ugavana mwaka 2022 bila kufaulu, kisha akateuliwa waziri. Waziri si mbunge na hapigi kura Bungeni, hivyo miaka yake ya uwaziri inapimwa kwa vipimo vingine. Stewart Madzayo naye amechaguliwa seneta wa Kilifi mara tatu mfululizo, mwaka 2013, 2017 na 2022.

Tofauti kati ya mbunge na seneta ina uzito kuliko wengi wetu tunavyodhani. Mswada wa Fedha wa kila mwaka, ule unaopanga kodi, hushughulikiwa na Bunge la Kitaifa peke yake. Kwa hiyo anayemlaumu seneta wake kwa kura ya Mswada wa Fedha anamlaumu kwa kura ambayo hakuwa na nafasi ya kuipiga, na seneta anayejisifu kwamba aliukataa kwa kura anapaswa kuulizwa aliikataa wapi. Kwa upande wake, Seneti ikiamua mswada unaozihusu kaunti, kila kaunti huwa na kura moja, ambayo hupigwa na kiongozi wa ujumbe wa kaunti hiyo, kwa kawaida yule seneta aliyechaguliwa. Seneta mteule anaweza kuzungumza vizuri sana katika mjadala wa namna hiyo na bado asiwe na kura yake binafsi.

Kwa wakongwe walioanza kabla ya 2013, kumbuka kwamba Kenya haikuwa na Seneti tangu ile ya kwanza ilipoondolewa mwaka 1966, na kwamba Bunge la kabla ya 2013 lilikuwa na wabunge 222 tu, wakiwemo 12 walioteuliwa. Kipindi hicho mbunge ndiye aliyekuwa sauti ya pekee ya kuchaguliwa ya eneo zima katika serikali kuu, na serikali za kaunti hazikuwepo. Usimpime kwa zahanati na vivuko vya siku hizi.

Kuisoma Hansadi

Hansadi ni taarifa rasmi ya yote yanayosemwa ukumbini, na hutolewa bure katika tovuti ya Bunge, tarehe kwa tarehe, kwa kila Bunge kati ya yale mawili. Jambo la kwanza la kujua ni kwamba maamuzi mengi hupitishwa kwa sauti. Spika huuliza, walio upande mmoja husema ndiyo, walio upande mwingine husema la, naye hutangaza upande ulioshinda. Kura ya namna hiyo haiachi jina la mtu yeyote, na ukimwona mheshimiwa anadai kwamba aliunga mkono au alipinga jambo lililopita kwa sauti, huna njia ya kumthibitisha isipokuwa kama alisimama kuchangia mjadala. Ndiyo maana unapaswa kuyatafuta mambo mawili kwa pamoja: mchango wake wa maneno, na zile kura chache ambazo wabunge walidai zihesabiwe kwa majina. Katika kura ya majina kengele hupigwa ili walio nje waingie, milango hufungwa, na Hansadi ya siku hiyo hubeba orodha za waliosema ndiyo, waliosema la na waliojizuia. Kurasa hizo ni kavu, ni majina tu yaliyofuatana, lakini hakuna kurasa zenye thamani zaidi kwa mpiga kura.

Mfano bora wa kujifunzia ni Mswada wa Fedha wa 2024, kwa sababu ulipigiwa kura ya majina mara mbili ndani ya siku tano. Tarehe 20 Juni 2024, katika kusomwa mara ya pili, wabunge 204 waliuunga mkono na 115 wakaukataa. Tarehe 25 Juni, siku ambayo waandamanaji waliingia katika majengo ya Bunge, ulipitishwa katika kusomwa mara ya tatu kwa kura 195 dhidi ya 106, na kura tatu zikaharibika. Tazama hesabu hizo kwa makini: kila upande ulipungua kwa watu tisa. Bunge la Kitaifa lina viti 349 bila kumhesabu Spika, na katika kura ya kwanza waliopiga walikuwa 319. Kwa hiyo kuna makundi manne ya kumtafutia mheshimiwa wako, wala si mawili: waliounga mkono mara zote mbili, waliokataa mara zote mbili, waliobadilika, na ambao jina lao linaonekana siku moja na halionekani siku nyingine, au halionekani kabisa. Kisha ongeza tarehe ya tatu, 26 Juni, siku ambayo Rais alitangaza kwamba hatautia mswada sahihi. Soma alichokiandika mheshimiwa mitandaoni kabla ya tarehe 20, kati ya 20 na 25, na baada ya 26. Kauli iliyotolewa kabla ya upepo kugeuka ina thamani, na ile iliyotolewa baada ya Rais kuuacha mswada haikumgharimu msemaji chochote, hata kama maneno ni yale yale.

Rudia zoezi hilo kwa kura ya tarehe 8 Oktoba 2024 ya kumwondoa mamlakani Naibu wa Rais Rigathi Gachagua, iliyopata kura 281 za kuunga mkono na 44 za kupinga, na mmoja akajizuia. Hapo zilihitajika theluthi mbili za wabunge wote, yaani 233. Katika kura ya theluthi mbili ya wote, asiyefika ukumbini huwa amewasaidia wanaopinga, apende asipende, kwa sababu kiwango hakishuki kwa ajili ya viti vitupu. Katika kura ya kawaida mambo ni tofauti, maana huamuliwa na wingi wa waliopo na wanaopiga kura.

Hilo linatupeleka kwenye suala la kutokuwepo, ambalo mimi nalipa uzito mkubwa kuliko kura yenyewe. Mtu akipiga kura nisiyoipenda, ninaweza kumuuliza sababu; asipokuwepo, ninabaki na ukimya. Hata hivyo haki lazima itendeke. Mbunge anaweza kuwa mgonjwa, kuwa safarini kwa kazi ya kamati, au kuwa na ruhusa ya maandishi ya Spika, na Katiba humpokonya kiti yule tu anayekosa vikao vinane katika mwaka mmoja wa shughuli za Bunge bila ruhusa na bila maelezo ya kuridhisha. Usihukumu kwa siku moja. Tafuta kura za majina zilizopigwa katika kipindi chake kizima uone kama kukosekana kwake kuna mtindo, hasa iwapo anakosekana siku ambazo chama chake kinataka hivi na watu wake wanataka vile.

Mambo ya nyumbani

Baada ya kura kubwa za kitaifa, njoo kwenye mambo yanayotugusa sisi. Tafuta jina la mheshimiwa pamoja na maneno ya mambo hayo, na utafute kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kwa kuwa Hansadi huchapisha hotuba katika lugha ileile iliyotumika, na wabunge wa Pwani huzungumza Kiswahili ukumbini mara nyingi. Anayetafuta kwa Kiingereza peke yake atakosa sehemu nzima ya kazi ya mtu. Jaribu wavuvi, fidia, bandari, hatimiliki, mikoko, ukuta wa bahari na majina ya vijiji, kuanzia Kizingitini, Kiunga na Mokowe hadi Ngomeni na Mayungu.

Chukua suala la wavuvi wa Lamu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi wa bandari, na mwaka 2021 gati ya kwanza ya bandari hiyo ikazinduliwa. Kila mwanasiasa wa eneo hili ana la kusema kuhusu wavuvi. Swali la mwongozo huu ni la tarehe: alisimama lini Bungeni kulitaja? Ikiwa hotuba yake ya kwanza juu ya jambo hilo imekuja baada ya hukumu, alifuata njia iliyokwisha kufunguliwa na wavuvi wenyewe waliokwenda mahakamani. Ikiwa aliuliza swali, akadai taarifa ya kamati, akarudi tena mwaka uliofuata kuuliza malipo yamefikia wapi, huyo amefanya kazi ya uwakilishi, nasi tumpe sifa yake waziwazi. Vivyo hivyo kwa mradi wa umeme wa makaa ya mawe, ambao leseni yake ilifutwa na Baraza la Kitaifa la Mazingira (National Environment Tribunal), linaloamua mizozo ya mazingira, mwezi Juni 2019. Angalia nani alizungumza wakati mradi ulipokuwa na nguvu, na nani alipata sauti baada ya leseni kufutwa.

Miswada binafsi haihitaji muda mrefu. Mheshimiwa akisema ameleta mswada, tafuta ulifika hatua gani, kwa sababu kuuchapisha ni hatua ya mwanzo tu, na mswada ambao haujakamilika kipindi cha Bunge kinapoisha huanguka na huhitaji kuletwa upya.

Ujumbe wake kwa umma

Sasa ndipo ufungue video, mabango na kurasa zake za mitandao. Kwa kila jambo analojivunia, uliza fedha zilitoka wapi na nani alikuwa na mamlaka ya kulifanya. Basari ya NG-CDF, yaani mfuko wa serikali wa maendeleo ya maeneo bunge, ni kodi ya wananchi iliyotengwa kisheria kwa kila eneo bunge, na mbunge mwingine yeyote ambaye angeketi kwenye kiti hicho angeikuta, kwa hiyo sifa yake iko katika namna ilivyogawanywa: je, orodha ya waliopata ilibandikwa mahali pa wazi, na watoto wa Basuba walifikiwa kama wa mjini? Barabara ya Garsen, Witu hadi Lamu ni mradi wa serikali kuu chini ya mamlaka ya barabara kuu. Zahanati na chekechea ni za serikali ya kaunti. Mbunge anaweza kuwa alisukuma mojawapo ya hayo, na akisema hivyo atafutwe katika Hansadi na ripoti za kamati ya bajeti. Asipoonekana popote, mwandikie umwombe aonyeshe.

Linganisha pia anachowaambia watu mbalimbali. Wanasiasa wengi hutoa kauli moja kwa Kiingereza kwenye televisheni za Nairobi na nyingine kwa Kiswahili kwenye redio za Pwani, na si lazima ziwe uongo, lakini ziandike bega kwa bega zikiwa na tarehe. Tofauti ya msisitizo ni jambo la kawaida katika siasa, ila kauli mbili zinazopingana juu ya mswada mmoja ni jambo la kuulizwa hadharani.

Kabla ya kuisambaza kazi yako, mpe mtu wa pili ahakiki kila tarehe na kila kura, ikiwezekana mtu anayemuunga mkono mheshimiwa huyo, kwa kuwa atakuwa na ari ya kuyaona makosa yako. Kisha ipeleke katika ofisi yake ya eneo bunge na umpe nafasi ya kujibu, na jibu lake liambatane na jedwali lako. Pale ambapo kumbukumbu fulani haipatikani mtandaoni, tumia Sheria ya Upataji wa Habari ya 2016: ombi huandikwa kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, huhitaji kueleza sababu, na taasisi ya umma ina siku 21 za kukujibu. Zikipita bila jibu, malalamiko hupelekwa ofisi ya Ombudsman, inayopokea malalamiko ya wananchi dhidi ya taasisi za umma. Weka nakala ya barua yako iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, kwa maana tarehe ya muhuri huo ndiyo itakayohesabiwa.