SOMO: Kupiga hesabu za Taifa Stars kuelekea AFCON 2027

Wadau, tangu Stars, timu yetu ya taifa ya Tanzania, watinge 16 bora ya AFCON 2025 (Kombe la Mataifa ya Afrika) kule Morocco, kila kijiwe kimepata mtaalamu. Huyu anasema 2027 tukicheza nyumbani tunafika fainali, yule anasema tutaaga makundi kama kawaida yetu. Wote wanaongea kwa mapenzi. Leo tushike kalamu. Kikokotoo hakihitajiki (kile cha mafao ya wastaafu mniachie kwanza), daftari na vidole vinatosha.

Hatua ya 1: Hesabu milango

Kwa utaratibu ulioanza 2019, timu ni 24 katika makundi sita. Wawili wa juu wa kila kundi wanapita, halafu wanaongezwa wanne bora kati ya sita walioshika nafasi ya tatu. Maana yake makundi yakiisha zinafungasha virago timu nane tu.

Hatua ya 2: Fukua rekodi ya nafasi ya tatu

Hapa ndipo penye somo lenyewe, msiruke. Fainali nne (2019, 2021, 2023, 2025) zimetoa timu 24 zilizoshika nafasi ya tatu. Zipange kwa pointi:

Pointi 4: timu tano, zote zilipita.
Pointi 3: timu 11, zikapita 10. Aliyebaki ni jirani yetu Kenya, 2019.
Pointi 2: timu saba, ikapita moja. Hiyo moja ndiyo sisi.
Pointi 1: Sudan 2021, wakarudi kwao.

Tazameni sasa kilichotupitisha. Tulifungwa na Nigeria 2-1, tukatoka sare ya 1-1 na Uganda, tena 1-1 na Tunisia. Angola nao walikuwa na pointi mbili na deni la bao moja (yaani wamefungwa moja zaidi ya waliyofunga), sawasawa na sisi. Ila sisi tulifunga matatu, wao mawili. Basi! Lile bao la M'Mombwa dhidi ya Nigeria, ambalo siku ile wengi tulilihesabu kama la kufutia machozi, ndilo lililolipa nauli. Kwa hiyo kwenye daftari lako usiandike "tumefungwa" ukafunika. Andika tumefungwa ngapi, tumefunga ngapi.

Kenya 2019 iliponzwa na hapo hapo. Ilikuwa na pointi tatu, lakini ilifungwa saba na kufunga matatu. Afrika Kusini wakiwa na pointi tatu hizo hizo na deni la bao moja tu walipita, wakaenda kuwatoa wenyeji Misri.

Hatua ya 3: Tafuta ushindi utatoka wapi

Lengo liwe pointi nne, yaani ushindi mmoja na sare moja. Sasa kaeni vizuri, maana hapa panauma. Katika fainali zote tulizocheza, 1980, 2019, 2023 na 2025, Stars imecheza mechi 13: sare tano, kufungwa nane, ushindi sifuri.

Na si kwamba hatuongozi. Dhidi ya Zambia, Januari 2024 (fainali za 2023 zilichezwa mwaka huo), Msuva alifunga dakika ya 11, wenzetu wakabaki kumi uwanjani, tukalinda mpaka dakika ya 88, Daka akasawazisha. Bao lile lilitunyima pointi nne na nafasi ya pili katika kundi. Dhidi ya Uganda pia tuliongoza, wakarudisha dakika ya 80. Mimi ugonjwa wa Stars siuoni kwenye ushambuliaji kama wengi wanavyolia. Nauona kwenye robo saa ya mwisho, pumzi na akili vikipungua. Benchi litakalotibu hilo litatupa ushindi wa kwanza hata bila mshambuliaji mpya.

Hatua ya 4: Usizidishe chumvi ya nyumbani

CHAN (mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani) ya Agosti 2025 tulicheza nyumbani, tukavuna pointi 10 kwenye kundi. Kisha robo fainali Morocco wakaja. Kwa Mkapa hatoki mtu, tukasema. Wakatoka, na ushindi wa 1-0. Kenya na Uganda nao waliishia robo fainali hiyo hiyo, kila mmoja kwake. Uwanja wa nyumbani mpe nyongeza ya pointi moja kwenye hesabu zako, basi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mdau wa Temeke: Tukilingana pointi na timu ya kundi letu, yanaangaliwa mabao?

Kwanza inaangaliwa mechi yenu wenyewe kwa wenyewe, mabao yanafuata. Walioshika nafasi ya tatu hawajakutana, kwa hiyo kwao ni pointi, tofauti ya mabao, kisha mabao ya kufunga. Yote yakilingana ni kura. Mwaka 2015 Guinea na Mali zililingana kila kitu kwenye kundi lao, kura ikaipeleka Guinea.

Mama Yanga: Sare tatu zinatosha, mwalimu? Maana sare ndizo tunazoziweza.

Zinatosha, mama. Benin 2019 walipata sare tatu, wakamtoa Morocco kwa penalti, wakafika robo fainali bila kushinda mechi hata moja ndani ya muda wa mchezo. DR Kongo nao, Januari 2024, walianza na sare tatu, moja ikiwa na sisi, wakafika nusu fainali.

Kijana wa Mwanza: Nataka kuweka mkeka Stars robo fainali. Niweke?

Umesoma hatua ya tatu? Weka pesa ya vocha, ya kodi iache.

Jirani wa Nairobi: Hiyo ya 2019 ilikuwa lazima muitaje?

Ndugu yangu, pointi zenu tatu mlizipata kwetu! Tuliongoza mara mbili siku ile Cairo, mkatufunga 3-2. La tatu Olunga alilifunga dakika ya 80. Limo kwenye daftari, chini ya ile robo saa.